Mapenzi Yakikuteka, Usingoje Moyo Upoe

Katika riwaya ya Of Human Bondage, ambayo mwandishi Mwingereza W. Somerset Maugham aliitoa mwaka 1915, kuna tukio ambalo msomaji hulirudia mara ya pili kwa kutoamini macho yake. Philip Carey, mwanafunzi wa udaktari jijini London, anampenda Mildred, mwanamke aliyemkuta akihudumu kwenye mkahawa wa chai. Mildred naye amempenda Griffiths, rafiki yake Philip. Wawili hao wanatamani kwenda Oxford wakakae pamoja siku chache, ila hawana fedha. Anayetoa fedha za safari ni Philip. Hakuna aliyemlazimisha. Alijitolea kwa kinywa chake mwenyewe, huku kila neno likimchoma.

Tukisikia kwamba fulani ametekwa na mapenzi, wengi wetu hudhani ametekwa na mtu mwenye nguvu za ajabu: mrembo kupita kiasi, mjanja kupita kiasi, au aliyekwenda kwa mganga. Mildred hakuwa na lolote kati ya hayo. Maugham anamchora mwembamba, amepauka, mwenye majibu ya mkato, na zaidi ya mara moja alimwambia Philip waziwazi kwamba hampendi. Kamba iliyomfunga Philip aliisokota mwenyewe, kwa kila shilingi aliyoitoa, kila usiku aliokesha na kila tusi alilolimeza.

Ninakuandikia wewe uliyemo ndani ya mapenzi ya namna hiyo, na wewe ambaye dada yako, kaka yako au rafiki yako yumo humo na hujui umsaidieje. Nina neno moja kubwa la kukuambia, na mengine yote yanatoka humo. Moyo hauamriwi, lakini mikono na miguu inaamriwa. Anayengoja moyo upoe ndipo aondoke atangoja sana. Anayeondoka, moyo humfuata nyuma, hata kama utachelewa njiani.

Mifano yangu nimeitoa kwenye riwaya kwa makusudi. Shoga yako akikusimulia mapenzi yake, anakupa upande mmoja na wiki moja. Riwaya inakupa miaka kumi, na inakuingiza ndani ya kichwa cha mtu ambaye kwa nje ungemwita mjinga. Wasomaji wa Kiswahili tunalijua hilo kupitia Kiu, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar iliyotoka mwaka 1972. Bahati ana kiu ya kupendwa, Idi ana kiu ya mali, na Mwinyi, mzee tajiri, ana kiu ya Bahati. Watu watatu, kiu tatu, na kila mmoja anaumia kwa sababu hamwoni mwenzake alivyo, anaona tu kile anachokitaka kwake.

Rudi nyuma utazame yalianzaje

Philip alizaliwa na mguu uliopinda. Akabaki yatima angali mdogo, akalelewa na ndugu wa baba yake aliyekuwa kasisi, na shuleni wenzake wakaucheka mguu ule mpaka akajifunza kuuficha. Mtu huyo anaingia mkahawani, anajaribu kumsemesha mhudumu, na mhudumu anampuuza. Philip hakumpenda siku ile. Alimwona hana adabu wala uzuri wa kusifiwa. Lakini kule kupuuzwa kulimkaa kooni. Akarudi kesho yake, akarudi tena, ili tu amlazimishe amtambue. Siku alipojikuta anampenda, alishangaa mwenyewe.

Jiulize swali hili kwa unyofu: je, nilimpenda kabla hajanidharau, au nilianza kumpenda aliponidharau? Ikiwa hamu yako ilikua kila alipokawia kujibu, kila alipokupita bila salamu, basi kinacholia ndani yako huenda ni kidonda cha zamani kilichotoneshwa, nawe unamdai mtu huyu dawa ambayo hana. Pengine ni baba aliyekuacha, pengine ni darasa lililokucheka. Kidonda hicho kinastahili kutibiwa, ila daktari wake si huyu.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Dorothy Tennov, alichapisha kitabu kuhusu hali hii ya kumuwaza mtu mmoja bila kukoma. Alieleza kwamba inalishwa na vitu viwili vikiwa pamoja: matumaini na mashaka. Ungekuwa na hakika kwamba unapendwa, ungetulia. Ungekuwa na hakika kwamba hupendwi, ungelia, kisha ungeinuka. Kinachokuweka macho ni kule katikati. Mtaalamu mwingine wa Marekani, B. F. Skinner, aliona jambo linalofanana na hilo kwa njiwa: njiwa aliyezoea kupata punje mara moja moja, bila mpango, huendelea kudonoa kitufe muda mrefu hata punje zikikoma kabisa.

Mildred alikuwa akimpa Philip punje hizo. Jioni moja anakubali kwenda naye kwenye maonyesho, siku nyingine anamruhusu ambusu, na Philip anaishi juu ya hiyo jioni moja kwa wiki nzima. Leo mambo haya yamo mfukoni. Umemwandikia, tiki mbili zimegeuka bluu, kimya. Siku ya tatu usiku anaandika "mambo", na neno hilo moja linafuta siku tatu zote. Likikutokea hilo, simama ulitaje kwa jina lake: nimepewa punje. Kulitaja hakuondoi maumivu, ila kunakuonyesha kinachotendeka.

Pima kwa maisha yako mengine

Kila anayependa sana hujitetea kwamba ukubwa wa maumivu ni ushahidi wa ukubwa wa mapenzi. Kipenda roho hula nyama mbichi, tunasema, na methali hiyo tunaigeuza ruhusa ya kula chochote. Mimi nakuomba uache kupima kwa maumivu. Pima kwa kile ambacho mapenzi haya yanayafanyia maisha yako yaliyobaki.

Tazama hesabu ya Philip. Alianguka mtihani kwa sababu vitabu vilikuwa wazi mbele yake na akili iko mkahawani. Urithi mdogo alioachiwa, ambao ulipaswa kumfikisha kwenye udaktari, ukawa unapungua kwa nguo, chakula na kodi za Mildred. Mildred alipomwacha kwa muda, Philip alimpata Norah, mwanamke mchangamfu aliyejikimu kwa kuandika hadithi za bei rahisi, aliyemhimiza asome mpaka akafaulu. Norah alimpenda bila kumfanya ajione mdogo. Mildred aliporudi, Philip akamwacha Norah. Hapa riwaya inauma kuliko popote, kwa sababu Philip anajua kabisa kwamba Norah ni bora. Kujua hakukumsaidia.

Chukua karatasi, ujibu maswali haya kwa maandishi, maana majibu ya kichwani hugeuka kufuatana na hali ya siku.

Kazi au masomo yangu yamepanda au yameshuka tangu nianze naye?

Ni watu gani nilikuwa nikiwaona kila wiki na sasa siwaoni? Walioondoka ni nani aliwaondoa?

Fedha zangu zinakwenda wapi, na je, kuna deni ambalo sijamwambia mtu?

Ninawaficha nini mama, dada au rafiki yangu wa karibu? Uongo wa kwanza niliusema lini?

Nikiwa naye, ninasema ninalofikiri, au kwanza ninapima hali ya hewa usoni mwake?

Mapenzi yenye afya nayo yana gharama, na wakati mwingine hukesha na kulia. Lakini kwa jumla humrudisha mtu kwenye maisha yake akiwa na nguvu zaidi. Ikiwa karibu kila jibu lako linaonyesha kitu kilichopungua, amini karatasi, hata kama kifua kinabisha.

Ulichokwisha kulipa kisikulipishe tena

Mildred alimwacha Philip mara ya kwanza akisema anaolewa na mteja mmoja wa mkahawani, Mjerumani aitwaye Miller. Baadaye akarudi akilia. Miller alikuwa na mke na watoto tayari, na Mildred ana mimba yake. Philip akapanga chumba, akalipia uzazi, mtoto alipozaliwa akalipia mlezi. Baada ya hayo yote, ndipo lilipokuja suala la Griffiths na safari ya Oxford.

Mtu wa nje anauliza: kwa nini hakuondoka baada ya Miller? Jibu ni kwamba kwa hesabu ya Philip, kuondoka kulizidi kuwa ghali kila siku. Akiondoka leo, basi mtihani ule, fedha zile, Norah yule, vyote vimekwenda bure. Akibaki, bado kuna matumaini kwamba siku moja vitaleta faida. Kwa hiyo analipa tena ili malipo ya jana yasionekane hasara.

Mtego huu tunauona kwetu kila siku. "Nimempa miaka sita ya ujana wangu." "Nimemsomesha mimi mpaka akapata kazi." "Kiwanja tumenunua pamoja." Maneno haya ni ya kweli na yana uchungu, nami siyabezi. Lakini yanasema ulikotoka, hayasemi unakokwenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Miaka sita haitarudi ukibaki, kama ambavyo haitarudi ukiondoka. Swali lililobaki ni la mwaka wa saba peke yake: kama ningekutana na mtu huyu leo, nikijua yote ninayoyajua, ningempa mwaka wangu ujao?

Mali za pamoja zina njia zake. Kiwanja, nyumba na matunzo ya watoto huamuliwa kwa wazee, kwa mshenga, kwa kadhi au mahakamani, kutegemea mlivyofunga ndoa, na ofisa ustawi wa jamii anaweza kukuelekeza pa kuanzia. Usiruhusu hati ya kiwanja iwe pingu ya moyo.

Huruma isiyo na mpaka nayo ni mtego

Muda unapita. Usiku mmoja Philip anamwona Mildred katikati ya London, akijiuza. Anamchukua yeye na mtoto wake, anawapa chumba kwake, na Mildred anamtunzia nyumba. Sasa Philip hamtamani tena. Anadhani yuko salama, kwamba hii ni huruma tupu. Lakini Mildred, ambaye alizoea kuabudiwa, anaona kule kutotamaniwa kuwa tusi. Anajaribu kumrudisha kwa mwili wake, Philip anamkataa kwa maneno makali, naye anamtukana kwa ule mguu wake. Siku inayofuata, Philip akiwa hayupo, Mildred anachana picha, anakata nguo na kuharibu kila samani chumbani, kisha anatoweka na mtoto.

Fundisho silioni kuwa usimsaidie aliyekuumiza. Kuna utu katika kumsaidia, na mtoto yule hakuwa na kosa. Fundisho ni kwamba kuishi chini ya paa moja na mtu mliyeumizana, bila kusema wazi ninyi ni nani kwa kila mmoja, ni kuweka kiberiti karibu na mafuta. Linganisha na mara ya mwisho walipokutana. Mildred ni mgonjwa, mtoto amekwisha kufa, na Philip sasa anajua kazi yake. Anamshauri kuhusu ugonjwa wake, anampa alichoweza, na anarudi kwake.

Kwa hiyo, ukitaka kusaidia, toa msaada wenye mwanzo na mwisho. Lipa bili ya hospitali moja kwa moja hospitalini. Peleka karo shuleni. Mtafutie mtu mwingine wa kumshika mkono: shangazi yake, mchungaji wake, sheikhe wake. Usijiweke kuwa mkombozi pekee, kwa sababu mkombozi pekee hana ruhusa ya kupumzika, na aliyekombolewa hana ruhusa ya kupona.

Wapo pia wanaotumia huruma yako kukushika kwa vitisho: "ukiniacha nitajiua." Usipuuze maneno hayo, wala usiyachukue kuwa hati ya kifungo. Waambie ndugu zake siku hiyo hiyo, na mfikishe hospitalini ikibidi. Uhai wa mtu ni jukumu la familia nzima na wataalamu. Hauwezi kubebwa na uchumba.

Palipo na ukatili, dalili huonekana mapema

Philip aliumia, lakini hakuwa akiogopa kuuawa. Wapo wanaoishi na hofu hiyo, na kwao ninamleta Isabella Linton wa Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë ya mwaka 1847.

Isabella ni binti wa nyumba ya kitajiri huko Yorkshire, na amempenda Heathcliff, mwanamume mwenye siri na hasira. Wifi yake, Catherine, anayemjua Heathcliff tangu utotoni, anamwonya waziwazi kwamba yule hana huruma na atamvunja. Isabella anaona ni wivu. Usiku wanatoroka, na jambo la kwanza Heathcliff analofanya mbele ya macho yake ni kumtundika kwa kitambaa mbwa mdogo wa Isabella mwenyewe. Isabella akaona, na bado akaondoka naye. Alichoamini ni kwamba ukatili ule ulikuwa wa wengine, na yeye ndiye atakayesalimika. Haukupita muda akawa anaandika barua akiuliza kama mume aliyemwoa ni binadamu kweli.

Dalili ya mvua ni mawingu. Namna anavyomtendea asiyeweza kujitetea ndiyo namna atakavyokutendea wewe siku utakapokuwa huwezi kujitetea. Mtazame anavyosema na mhudumu wa hotelini, dada wa kazi, konda wa daladala, mtoto wa kaka yake. Tazama pia haya: anataka nywila ya simu yako na kuita hilo uaminifu, anachukia kila rafiki yako kwa zamu, anavunja vitu kisha analeta zawadi, anakuambia hakuna mwingine atakayekutaka.

Isabella aliondoka. Siku moja baada ya Catherine kuzikwa, baada ya kurushiwa kisu kilichomkata chini ya sikio, alikimbia mpaka nyumba ya kaka yake, akaipondaponda pete ya ndoa na kuitupa motoni, kisha akaenda kuishi mbali, karibu na London, alikojifungulia mwanawe. Hakurudi tena. Nataka msomaji aliye kwenye hofu alione hilo: msichana aliyekuwa hajui kazi yoyote, mjamzito, bila mali, aliweza.

Lakini ondoka kwa mpango. Wakati wa kuondoka ndio wakati ambapo mkatili huwa hatari zaidi, kwa hiyo usimtangazie wala usimwage yote kwenye ugomvi wa mwisho. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku na saa. Weka kwake nakala za kitambulisho, vyeti vya watoto, fedha kidogo na nguo. Tanzania, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na aliyeumizwa hupewa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitalini. Kenya kuna namba ya simu ya bure, 1195, kwa waathirika wa ukatili wa kijinsia, na fomu inayotumika ni P3. Kwenda huko si kuivunja nyumba. Nyumba ilivunjika kisu kiliporushwa.

Kama anayeng'ang'ania ni wewe

Tumezoea kumwonea huruma Philip, na anastahili. Lakini isome tena riwaya kwa upande wa Mildred. Amesema hapendi, na bado mtu yuko pale kila siku, anamfuata, anamchunguza, anamwekea kinyongo kwa zawadi ambazo hakuziomba. Zawadi ya namna hiyo ni deni unalomwandikia mtu bila yeye kutia saini. Na baadaye Griffiths alipomchoka, Mildred naye akawa ndiye anayemfuatafuata mwanamume asiyemtaka. Kutekwa kulihama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na hakuna hata mmoja aliyejifunza kutokana na uchungu aliousababisha.

Ukiwa umeambiwa "sikutaki", umejibiwa. Jibu hilo halihitaji sababu ya pili, halihitaji kikao cha kueleweshana, na halibadiliki kwa kukesha nje ya geti lake. Wapo wanaoamini kwamba kung'ang'ania ni uanaume, au kwamba mwanamke akikataa anajivuta tu. Imani hiyo imeua watu. Usipige kwa namba ya rafiki yako. Usimtume mama yake. Usipite mtaani kwake ukajidanganya kwamba ni njia ya mkato.

Katika Great Expectations ya Charles Dickens, riwaya iliyotoka kati ya mwaka 1860 na 1861, Miss Havisham aliachwa siku ya harusi. Akasimamisha saa zote za nyumba yake zibaki saa tatu kasoro dakika ishirini, akazeeka ndani ya gauni lile lile la bibi harusi, na akamlea binti wa kupanga, Estella, awe wa kuwavunja wanaume mioyo. Mwisho wake ni kwamba Estella hakuweza kumpenda hata yeye aliyemlea. Kuachwa ni msiba, na msiba una matanga yake. Lia, kaa na watu wakupe pole, usile vizuri siku kadhaa ikibidi. Kisha matanga yaanuliwe. Anayekataa kuanua matanga huishia kuwafiwisha na wengine.

Kwa ndugu na rafiki

Katika Great Expectations hiyo hiyo, kijana aitwaye Pip anampenda Estella aliyelelewa ili amuumize. Kuna watu wawili wanaojaribu kumsaidia. Biddy, msichana wa kijijini kwao, anamuuliza kama anataka kuwa muungwana ili amkomoe Estella au ili ampate, kisha anamwonyesha kwa upole kwamba kwa vyovyote vile Estella hastahili taabu hiyo. Baadaye Herbert, rafiki wa London, anamuuliza kama hawezi kujitenga naye. Pip anakiri kwamba anajua mapenzi yale yatamletea taabu, na kwamba hawezi. Herbert hamtukani, hamwachi, wala hamtukani Estella. Anaendelea kuwa rafiki.

Fanya kama Herbert. Ukimtukana mpenzi wake, atamtetea, na kila atakapomtetea atamshika zaidi. Ukimwambia "chagua, mimi au yeye", atamchagua yeye, na siku ya kutoka hatakuwa na mlango wa kubisha. Uliza maswali, mwache asikie majibu yake mwenyewe. Mualike kwenye mambo ya kawaida: harusi ya binamu, mechi, chakula cha Jumapili. Usimkopeshe fedha za kumpelekea yule mtu, na umweleze sababu kwa upendo. Na mwambie neno hili mara moja, bila kulirudia kila siku: mlango wangu uko wazi saa yoyote, na sitakuuliza kwa nini ulichelewa.

Jinsi ya kuondoka

Philip hakuponywa na chuki, na wala hakuponywa na mwanamke mrembo zaidi. Aliponea mezani. Hospitalini alimhudumia mgonjwa mmoja, Thorpe Athelny, mtu mwenye watoto tisa na kipato kidogo, ambaye alimkaribisha nyumbani siku za Jumapili. Philip alipopoteza fedha zake kwenye hisa akawa analala nje, familia hiyo ndiyo iliyomwokota na kumtafutia kazi dukani. Watoto wakimzonga, chakula kikipakuliwa, mtu fulani akimdai hadithi. Polepole Mildred akabaki sehemu moja ya maisha ambayo sasa yalikuwa na sehemu nyingine nyingi.

Kwa hiyo anza na mikono na miguu, leo.

Zuia namba yake, na uache kutazama stetasi zake. Kama mna watoto au kazi ya pamoja, chagua njia moja ya mawasiliano na mada moja, na mengine usijibu. Rudisha vitu vyake kwa mkono wa mtu mwingine. Badilisha njia ya kwenda kazini ikiwa inapita kwake. Picha mkabidhi dada yako azitunze kama huna nguvu ya kuzifuta.

Kisha jaza saa zilizoachwa wazi, hasa zile unazozijua kuwa mbaya. Kwa wengi ni kati ya saa tatu na saa sita usiku. Kwaya, darasa la jioni, mazoezi, zamu ya ziada, kumsaidia mtoto wa dada hesabu. Chochote chenye watu wanaokungoja. Kuwa na mtu mmoja ambaye utampigia simu badala ya kumpigia yule, na umwombe ruhusa mapema, ili usione aibu saa hiyo ikifika. Ukiona wiki zinapita huli, hulali, au unawaza kufa, nenda hospitali umwambie daktari kama ungemwambia kuhusu homa.

Usianze uhusiano mpya ili kuuzima wa zamani. Norah aligeuzwa dawa ya Mildred, na aliyeumia zaidi ni Norah.

Moyo utashtuka tena

Karibu na mwisho wa riwaya, Philip amekwisha kufaulu udaktari na ana miadi na Sally, binti mkubwa wa Athelny, ambaye baadaye anakubali kuolewa naye. Barabarani anaona mwanamke mbele yake anayefanana na Mildred. Moyo unasimama. Anaharakisha amwone uso, na kumbe ni mtu mwingine kabisa. Anapumua, lakini ndani ya kule kupumua anagundua kuna pia kuvunjika moyo, na anajiogopa: je, sitakuwa huru kamwe?

Nakujibu kwa niaba yake. Uhuru huo upo, ila hauna sura uliyoitegemea. Huenda baada ya miaka mitatu ukasikia jina lake redioni, ukaona shati kama lake kwenye kituo cha basi, na kifua kikaruka. Usiseme umerudi mwanzo. Kifua kimekumbuka, hakijakuamuru. Usimtafute, usifungue ukurasa wake, usimwandikie kumtakia heri. Mtu aliyepona hutambulika kwa anachofanya katika dakika kumi zinazofuata. Philip alikwenda kwenye miadi yake. Nawe nenda kwenye yako, na kama huna miadi yoyote leo, mpigie simu mtu mmoja anayekupenda kwa utulivu, umwombe muonane kesho.